Managu Bila Chumvi

Daktari aliyenipima presha aliniambia nipunguze chumvi na mafuta, na nile kwa wakati. Kwa wakati! Mimi naendesha boda Kibera. Wakati wangu unaamuliwa na mtu wa mtaa wa Nyayo Highrise aliyechelewa kazini.

Mke wangu aliyashika maneno ya daktari kuliko ya pasta. Kila asubuhi alinifungia ugali wa wimbi na mboga ya managu ya kuchemsha. Shida ni kwamba kwenye stage yetu ya boda, bakuli likifunguliwa ni la wote. Nikifungua tu, simu inalia, namkimbiza mteja Kawangware, na nikirudi nakuta bakuli limeoshwa na limekauka. Lakini wenzangu wa stage, mafisi hao, si wachoyo. Wameniwekea chapati mbili na soseji ya smokie, eti nisikae njaa. Ningefanya nini, nitupe chakula?

Nikaamua kuwaweza. Nikamwambia mke wangu managu yasitiwe hata chembe ya chumvi, tuone nani atayagusa. Siku hiyo mwenyekiti wa stage alionja, akakunja uso, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyefiwa. Nikala bakuli zima peke yangu, nikijiona mjanja wa Kibera nzima.

Kesho yake mwenyekiti alikuja na pakiti ya chumvi, akaifunga kwenye nguzo ya stage.

"Buda, mwambie mama watoto asijali," akasema. "Chumvi tumekuchangia."