Sindano Inataka Bwana

Kazi ile nilipata juu ya mdomo, si juu ya kichwa. Shule niliacha sekondari ya pili, lakini nasema Lugbara, Kakwa, Kiarabu ya Juba, na hii Swahili wazee wetu walirudi nayo kutoka jeshi. Madamu mmoja mtafiti alikuja Arua kutafuta mutu wa kumgeuzia maneno kwa lugha za huku. Alitaka kujua wasichana wa chuo kule Koboko wanapata namna gani dawa ya kupanga uzazi. Nikamwambia hiyo mambo ninaijua sana. Uwongo. Mimi iko na watoto sita. Ningeijua, wangekuwa wawili.

Basi kila asubuhi tunatoka Mvara, pale Arua, na gari yake, tunafika chuo, tunakaa nje ya karakana ya ushonaji. Madamu anauliza, mimi nageuza. Huduma iko karibu? Wasichana wanaangalia ndevu yangu, wanacheka, wanasema iko. Madamu anaandika iko.

Mmoja hakucheka. Alikuwa anajifunza kushona, na mutoto yake ya kwanza iko na mama yake kule Ediofe. Alingoja madamu aende choo, akanisogelea.

"Mzee, munauliza uliza tu. Mimi nataka sindano."

"Si iko pale kituo cha afya?"

"Iko. Lakini sista anasema lete bwana."

"Na bwana yako?"

"Anaendesha lori. Ilikwama Kaya, ng'ambo ya mpaka, sasa imevuka Oraba, kesho analala hapa. Na yeye anataka mutoto mwingine sasa hivi. Nimlete aseme nini?"

Chuo yao iko na desturi yake. Kila muhula ikifungua, wasichana wanapanga mustari na vikopo vya mkojo. Ukipatikana na mimba, beba sanduku yako, nenda. Kijana aliyekupa hiyo mimba anaendelea kujifunza uashi darasa ya jirani, hakuna mutu anataka mkojo yake.

"Wakinifukuza tena," alisema, "mama hatanipokea."

Nikamuuliza madamu kama hii maneno ya kuleta bwana ni sheria. Akasema hapana, serikali haijasema hivyo, ni sheria ya sista mwenyewe. Nikasema basi twende tumwambie. Akasema sisi kazi yetu ni kuuliza. Mimi nilikuwa nimechoka kuuliza. Asubuhi iliyofuata, kabla ya lori kufika, nilivaa koti, nikaenda na yule musichana kuwa bwana ya mutu.

Mule ndani ya kituo kulikuwa na kiti moja ya wageni. Sista alinipa mimi. Musichana akasimama.

"Mzee, wewe ndiyo bwana yake?"

"Ndiyo mimi."

"Asante kwa kuja. Wengine wanakuja hapa baadaye na fimbo, wanauliza nani amefunga tumbo ya bibi yao."

Nikajiona mutu kubwa. Nikakunja mguu.

"Unataka apumzike muda gani?"

Nikamwangalia bibi yangu mpya. Alikuwa ananyoosha vidole tatu pembeni ya sketi.

"Miezi tatu," nikasema, kama mutu aliyefikiria usiku yote.

"Na damu yake inakuja sawasawa?"

Hapo moto ilinipanda. Mwenye damu amesimama pale, karibu kuliko ukuta. Mimi hata jina ya baba yake sikuijua, na ndiye naulizwa damu yake. Kwa ng'ombe unamuuliza mwenye nayo, sawa, ng'ombe haisemi.

"Sista, muulize yeye," nikasema. "Mwili si yake?"

Sista akaweka sindano chini.

"Kumbe hamujakubaliana. Muende muzungumze nyumbani kwanza." Akafunga sanduku ya dawa, akaita mwingine.

Nje, musichana hakulia. Afadhali angelia.

"Mzee, nilikuleta ukubali. Sikukuleta ufundishe."

"Lakini huyu mama hana haki..."

"Najua hana haki. Mimi nilijua kabla yako. Hasira yako utapanda nayo gari, itafika Arua. Mimi hii yangu nitaweka wapi? Lori inafika leo."

Nilitafuta kichekesho, na mimi ni mutu wa vichekesho hata matangani. Nikavua kofia tu. Tukarudi kwa mustari, nyuma ya wote. Zamu yetu ikafika, nikasimama mbele ya sista na kofia mkononi.

"Sista, nisamehe. Tumezungumza. Nimekubali. Damu yake inakuja sawa."

"Ungesema hivyo mapema," sista akasema, na alikuwa mpole kabisa, hakuwa mutu mbaya. Akafungua sanduku. Akachoma. Hakumuuliza musichana neno hata moja, hata la kujua kama inauma.

Mpaka leo nikikumbuka natema mate. Kichwa yangu ile, iliyoshindwa hesabu ya sekondari ya pili, ilisema neno moja ya uwongo, sanduku ikafunguka. Musichana alikuwa amekwenda pale na ukweli mara ngapi sijui, ikabaki imefungwa. Na madamu alirudi kwao kusema huduma iko.

Musichana alishusha mkono ya blauzi, akaanza kurudi darasa, karibu anakimbia, kwa sababu walikuwa wanakata suti siku ile. Halafu akasimama.

"Miezi tatu sindano inaisha, mzee. Usipotee."

"Na nikikufa?"

"Usikufe," alisema, akaingia karakana.