Wifi Anayevua Bapa kwa Kandambili

“Buruta miguu, wifi! Buruta! Nimekwambia mara ngapi? Unanyanyua miguu kama mtu anayepanda ngazi za benki. Samaki wote wa ghuba hii wameshajua umefika, na wameshaambiana.”

“Nikiburuta, tope linaniingia kwenye vidole.”

“Tope linakula vidole? Siku ukimkanyaga samaki taa mgongoni ndipo utajua tofauti ya tope na mwiba. Na hiyo fimbo ya kuvulia umeishika kama mwiko. Nani kakwambia tunakoroga sufuria hapa?”

Mimi nilikuwa ndani ya maji yaliyonifika magotini, gauni nimelikunja na kulifunga kiunoni. Yeye alikuwa ameketi ufukweni juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, wa kushoto ananinyooshea kidole. Huyo ndiye wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani. Mtaani wanamwita Kamanda. Hakuna aliyempa cheo hicho, alijipa mwenyewe kwa sauti yake.

Nikamjibu kwamba kama anaona ni rahisi, aje avue kwa meno. Akacheka mpaka ndoo ikayumba. Nikageuza uso upande wa maji nikamshukuru Mungu kimya kimya, maana ilikuwa siku ya tisa sijamsikia akicheka.

Alivunjika kwenye kibaraza chake mwenyewe. Mvua ilianza ghafla, akakimbilia kuanua magauni ya mteja, sakafu ikamtupa. Mfupa ukavunjika mahali pawili. Daktari alisema wiki sita za plasta, kisha mazoezi, kisha mkono utarudi. Ila alilisema hilo la kurudi huku anaandika, bila kuinua macho, na wifi si mtu wa kupitwa na kitu. Mkono huo ndio unaoshika mkasi. Mkono huo ndio unaorusha mshipi. Tukamhamishia kwetu, tukamtandikia sebuleni, na pale akalala akitazama ukuta kama anausoma.

Chakula kikawa shida. Mtu aliyezoea kumaliza sahani na kuuliza kama kuna ukoko, sasa ni vijiko vitatu, nimeshiba. Mume wangu anachuchumaa pembeni yake: “Dada, kula basi, mfupa hauungi kwa mate.” Anajibu, “Nitakula.” Sahani inarudi jikoni kama ilivyokuja. Hata kunigombeza aliacha, na hilo ndilo lililonitia hofu hasa. Siku ya tatu niliweka kikombe chenye ufa mbele yake makusudi. Akakinywea, hakusema neno.

Lazima nieleze mwanamke huyu ni nani, msije mkadhani namlilia mtu wa kawaida.

Aliishia darasa la saba, kama mimi. Akaolewa, miaka minne baadaye akarudi nyumbani na begi moja na cherehani. Watu walipomuuliza kilichotokea, alisema, “Nimechukua kilichokuwa kinafanya kazi.” Hayo ndiyo maelezo yake yote mpaka leo. Akapanga chumba chenye kibaraza, akaanza kushona sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamefunikwa makalio na yeye.

Uvuvi ulimjia kwa bahati. Mteja mmoja, fundi wa mitambo, alikuwa anahama, na gari lilipojaa vyombo, fimbo yake ya kuvulia haikupata nafasi. Akamwachia wifi pamoja na kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, akamwonyesha kwa nusu saa namna ya kurusha, akaondoka. Mengine yote wifi kafundishwa na samaki.

Samaki mwenyewe ni bapa. Sisi tunamwita hivyo kwa sababu kichwa chake kimelala kama kimekaliwa na mtu mzito. Mwili mrefu, rangi ya mchanga, macho yako juu ya utosi. Hakimbii huku na huko kutafuta riziki. Anajifukia mchangani pembeni ya mkondo, pale maji ya ghuba yanapotoka kwenda baharini wakati wa kupwa, anaacha macho tu nje, anangoja visamaki vipitishwe mdomoni. Wifi husema ndiye samaki pekee anayefanana na mume wake wa zamani, ila huyu analiwa.

Wengine huvua kwa dagaa au kamba. Yeye kamba hana muda nao. Anachukua kandambili iliyokatika, anakata kipande cha urefu wa kidole, anakichonga kwa mkasi mpaka kinakuwa kisamaki. Kichwani anakifunga chubwi, kile kipande cha risasi cha kukizamisha, tumboni anapitisha ndoana, mkiani anashona utepe mwembamba wa kitambaa kinachong’aa, mabaki ya gauni la bibi harusi. Chambo ni hicho. Unakirusha, unakiacha kizame mpaka kiguse chini, unainua fimbo mara mbili kidogo, unakiacha kishuke. Unangoja. Bapa hagongi kinapopanda, anagonga kinaposhuka. Hapo kwenye kungoja ndipo nilipokuwa naharibu mimi.

Lakini kabla ya kurusha kuna kusoma mchanga. Maji yakipwa kabisa, wifi hutembea akitafuta alama walizoacha bapa walipolala: kichwa kipana mbele, mwili unaonyooka nyuma hadi mkia mwembamba. Anasimama juu ya alama, anatazama kichwa kimeelekea wapi, anapima kwa kiganja. “Huyu alilala hapa asubuhi,” anasema, kama mtu anayekagua vitanda vya bweni. Palipo na alama nyingi ndipo anaporudi maji yakianza kuingia.

Sasa, deni. Siku ya nane ya ule ukimya wake nilishindwa, nikamkalia mbele nikamwambia, “Wifi, sema unataka kula nini. Sema chochote, nitakileta.”

“Supu ya bapa.”

“Ndiyo hiyo tu? Nakwenda sokoni sasa hivi.”

“Wa sokoni wapikie wageni wako. Huyo kalala kwenye barafu siku nne, ana usingizi kuliko mimi.” Akageuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. “Umvue mwenyewe. Nakudai supu, wifi. Unadhani nimesahau?”

Nikahisi masikio yanawaka. Sikudhani kama anajua.

Miaka kumi na moja iliyopita nilijifungua kwa upasuaji, kidonda kikanisumbua, nikalala wiki tano siwezi hata kuinua ndoo. Kila siku wifi alikuja na chupa ya supu ya bapa aliyemvua kwa mkono wake, kisha anarudi mbio kwenye cherehani. Wiki tano. Mimi sikumwambia asante hata mara moja. Tulikuwa tumegombana juu ya mapazia, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyelala. Tena jirani aliponiuliza supu ikoje, nikasema, “Supu gani? Hayo ni maji yaliyopishana na samaki njiani.” Tukacheka sana. Kumbe jirani alikwenda kulisimulia kibarazani kwa wifi, akipimwa sketi. Na kesho yake wifi alikuja na supu kama kawaida, akaimimina, akanisimamia mpaka nimemaliza.

Miaka kumi na moja amekaa na neno hilo, hajawahi kunirushia hata katika ugomvi mkubwa. Na ugomvi tumekuwa nao mkubwa, msidhani.

Basi ndivyo nilivyojikuta ndani ya maji. Mimi nafua mashuka ya nyumba ya wageni, zamu yangu inaisha saa nane mchana, kwa hiyo tulikwenda siku ambazo maji yalianza kujaa baada ya hapo. Wifi kwenye ndoo, mimi majini. Mikono ya kukamua mashuka ina nguvu, nguvu zenyewe ndizo zilizokuwa zinaniponza. Chambo kikiguswa tu, ninavuta kwa hasira.

“Unamng’oa jino? Umempokonya chakula mdomoni! Ngoja ameze kwanza!”

“Nitajuaje amemeza?”

“Mkono utakwambia.”

“Mkono wangu hauongei.”

“Kwa mdomo huo ulio nao, mkono utapata wapi nafasi?”

Wiki ya kwanza sikupata kitu. Ya pili nilinasa mwani, kipande cha wavu, na gauni langu mwenyewe. Nyumbani bado alikuwa anachokonoa chakula. Kule ufukweni alikuwa mtu, akirudi sebuleni anazimika. Mume wangu akaniambia, “Dada kakonda mpaka plasta inacheza mkononi.” Nilikuwa nimeliona kabla yake. Nikaanza kuogopa kwamba atamalizika kwa njaa hali mimi namlisha ahadi.

Siku moja alikuwa na homa kidogo, nikaenda peke yangu. Nikaburuta miguu kama nilivyoagizwa, nikasimama pembeni ya mkondo nilipokuwa nimeona alama ndefu kuliko zote, nikarusha. Kikazama. Nikainua mara mbili, nikaacha. Nikahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu fimbo ikaenda chini kama mtu ameikalia. Sikuvuta. Naapa sikuvuta. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua hadi ufukweni, nikamburuta juu ya mchanga kama ninavyoburuta mzigo wa mashuka. Bapa! Mrefu kama mguu wangu, tumbo limejaa. Nilipiga kelele peke yangu mpaka ndege wakaruka.

Nilipita naye katikati ya mtaa, sikumfunika. Fundi baiskeli akaacha gurudumu likizunguka. “Shemeji, huyo umemvua au umemkopa?” Nikampita mbio, nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nilimlaza juu ya sinia mbele ya wifi. Akamtazama. Akapitisha mkono wa kushoto kwenye lile tumbo, taratibu, kama anavyopima kitambaa.

“Umemletea nani huyu?”

“Wewe.”

“Mimi sili mama.” Sauti ilikuwa ndogo. “Bapa mkubwa hivi ni jike, wifi. Kabeba mayai ya ghuba nzima. Huyu tunamfungua ndoana tunamwacha aende. Kila mara. Miaka kumi na sita nimekuwa nikiwaacha waende. Sikukwambia?”

Hakuniambia. Alinifundisha kila kitu, hilo akasahau, kwa sababu hakuwahi kudhani kama ningepata wa kwanza mwenye ukubwa huo. Na mimi sikuuliza. Tukakaa tumemtazama yule samaki, na wifi akaanza kulia. Hakulia siku aliyovunjika mkono. Akasema, “Nilitakiwa kuwepo mimi. Ningekuwa na mkono wangu, leo angekuwa anaogelea.” Nikajua hamlilii samaki peke yake.

Mtaa ulimla jike yule, na mayai yake, wakasifu sana. Nyumbani kwetu hakuna aliyeonja. Nilifua mashuka siku mbili nikiwa nimefunga mdomo, na waliofanya kazi nami wakaniuliza kama naumwa.

Siku ya tatu nikamtoa wifi sebuleni kwa nguvu, nikambebea ndoo yake. “Leo utapima wewe,” nikamwambia. “Mimi ni mkono tu. Wewe ndiye mwenye kichwa.” Alijivuta, lakini alitembea. Tukafika maji yakiwa chini kabisa. Akasoma mchanga, akainama juu ya alama moja, ya pili, ya tatu akaweka kiganja. “Hapa. Huyu ni kijana. Urefu wa mkono wako toka kiwiko hadi vidoleni. Subiri maji yafike pale kwenye jiwe.”

Tukasubiri. Maji yakafika. Nikarusha mara ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Ya tano kikashuka, na mkono, lo, mkono ukaniambia. Kitu kama mtu anayekugusa bega kwa heshima. Nikangoja. Nikainua.

“Taratibu! Rudi nyuma! Usimnyanyue, mburute! Kitambaa! Mfunike kichwa kwa kitambaa kibichi, ana miiba mashavuni!”

Kitambaa nilikuwa nacho begani, furaha ikanisahaulisha. Nilimshika kwa mkono mtupu, mwiba ukanizama kwenye kiganja hadi nikaona nyota mchana. Lakini sikumwachia. Wifi alikuwa ameshasimama, anaruka ruka na plasta yake, anapiga kelele ambazo hazikuwa za amri.

Nilimpika jioni hiyo, kiganja kimefungwa kitambaa. Vitunguu, nyanya, ndimu mwishoni kama yeye anavyofanya. Nikapeleka bakuli sebuleni, nikamwekea juu ya stuli. Akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akamwaga kidogo njiani, akanywa. Nikabaki nimesimama na taulo mkononi.

“Wifi,” nikasema. “Ile supu yako. Wiki zile tano. Kidonda changu kilifunga kwa supu ile. Nilisema maneno ya kipumbavu. Asante.”

Akanywa kijiko kingine. Akala mnofu, akatema mwiba kwenye kiganja, akautazama. Kijiko kikaendelea kwenda na kurudi mpaka kikagonga chini ya bakuli.

“Chumvi imekuzidi,” alisema.

“Najua.”

“Na ndimu umeweka mapema.”

“Haya.”

Akanisogezea bakuli tupu kwa kiwiko cha plasta.

“Basi, sikudai tena. Niongezee, na mnofu usinipimie.”