Mlango wa Kioo wa Mzee Hakimu

Katika mtaa wote milango ni ya mbao au ya mabati, isipokuwa mlango wa mzee Hakimu. Wake ni wa kioo kitupu toka juu mpaka chini, una kishikio cha shaba, na ameupachika kwenye nyumba ya vyumba viwili. Ukipita mchana unajiona mwenyewe, ndiyo maana vijana wa taxi-moto, wale wa pikipiki za abiria, husimama pale kuchana nywele. Jioni taa ikiwashwa unamwona Hakimu, mkewe Zaina, sufuria, na kilichomo ndani ya sufuria.

Mlango huo ulitoka Kwa Mgiriki. Asiyepajua tumhurumie tu. Lilikuwa duka kubwa kwenye barabara kuu ya Uvira, vitambaa upande huu, vyombo upande ule, baiskeli huko juu ghorofani, na harufu ya sabuni mpya iliyokupokea kabla hujasalimiwa. Leo pale kuna vibanda vya kuuza unite, yaani salio la simu, na harufu yake afadhali nisiitaje. Hakimu alikuwa bawabu. Kazi yake yote ilikuwa kufungua mlango na kusema, “Bonjour, karibu!” Kazi ndogo, utasema. Mwambie yeye hivyo, uone.

Siku yake ya kwanza aliona sakafu inang'aa kiasi kile, akavua viatu kama anaingia msikitini. Wateja walipoona bawabu yuko peku, nao wakavua. Wafugaji walioshuka kutoka Mulenge wakavua mabuti, wavuvi wa Makobola wakavua kandambili, na kufikia adhuhuri palikuwa na lundo la viatu nje kama siku ya Idi. Mgiriki alitaka kumfukuza kazi papo hapo. Kisha akaona kwamba wanaotoka na kukuta viatu vyao vimekwenda na miguu ya wengine wanarudi ndani kununua vipya, akanyamaza. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya duka.

Vita ilipofika, Mgiriki akakimbia, na watu wa Uvira, tusifichane, walilibeba duka zima. Huyu na godoro, yule na baiskeli, mwingine na kaunta kichwani. Hakimu na ndugu yake Halidi walifungua skrubu za bawaba taratibu, wakaubeba mlango. “Namuchungia patron,” alisema Hakimu, yaani anamtunzia tajiri wake. Watu walicheka mpaka wakaangusha walivyoiba. Patron hajarudi mpaka leo, na mlango bado unachungwa.

Zaina aliuvumilia kwa miaka mingi. Kila alipotundika rido, pazia la kuufunika, mumewe aliitungua, eti mlango kama huo haufunikwi. Halafu juzijuzi, jioni moja, Zaina alikuwa ametia tonge la ugali mdomoni, akasikia mtu asiyemjua akimwambia kutoka barabarani, “Bon appétit, mama!” Alilimeza lile tonge, akanawa mikono, akafunga nguo zake.

“Minye nimechoka kulia chakula mu televizyo,” alisema. “Chagua, mlango ao minye.” Akapanda taxi-moto kwenda Kavimvira, kwa dada yake Raïssa.

Hakimu alijua atarudi kesho yake. Hakurudi. Mzee akaanza kujipikia, na mtaa mzima ukamtazama akiunguza ndagala, dagaa wa ziwani. Wapita njia walimwelekeza kupitia kioo: “Punguza moto, mzee! Iko naungua!” Usiulize alivyojisikia. Nyumba ilikuwa tupu, naye alikuwa na upweke ambao kila mtu aliuona. Mwishowe alivaa kofia yake nzuri, akaenda Kavimvira.

Alikwenda na silaha moja tu, hadithi ambayo ameisimulia katika kila harusi ya ukoo.

“Zaina wangu, umesahau? Kupitia ule mlango njo nilikuona mara ya kwanza. Uliingia na gauni ya manjano, ukatafuta uzi. Nikafungua, nikasema, huyu ni bibi yangu. Sasa niutupe namna gani?”

Raïssa alitazama chini. Zaina aliendelea kupeta mchele.

“Ile gauni ya manjano haiko yangu, mzee. Minye sijaingiaka Kwa Mugiriki hata siku moya.”

“Zaina!”

“Nilikuwa nauzisha mabeignet pale inje. Nilikuwa napenda kuangalia mashini ya kushona mu kioo. Na weye njo ulikuwa unanifukuza: ‘Toka pale, weye wa mabeignet, utaacha mavidole kwa kioo!’ Ile mlango ulikuwa unaifungulia kila muntu. Minye, hapana.”

Hakimu alivua kofia yake nzuri. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alitafuta katika kumbukumbu zake msichana mwenye beseni la maandazi, asimpate, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

“Shemeji, kunywa chai,” alisema Raïssa, akimsogezea kikombe.

Kesho yake Zaina alikuja mtaani, kuchukua sufuria yake tu, alivyodai. Alimkuta Hakimu amesimama nje ya mlango, amevaa koti lake la kazi la zamani, lisilofungika tena tumboni. Vijana wa taxi-moto walizima pikipiki zao ili wasikie vizuri.

“Bonjour, Madame,” alisema mzee. “Karibu.”

Akashika kishikio.

“Ngojea kwanza,” alisema Zaina.

Aliusogelea mlango, akabandika viganja vyote viwili katikati ya kioo, akavikandamiza, akavitelezesha kidogo ili alama zienee. Akarudi nyuma kuzitazama. Mkono wa Hakimu ulikuwa umekwisha kutoa kitambaa mfukoni, wenyewe tu, kwa mazoea.

“Rudisha.”

Akakirudisha.

“Sasa fungua,” alisema Zaina, akanyoosha mgongo, akasubiri afunguliwe.