Kumpisha Mkwe

Nimechoka na kengele. Siku hizi nikitoka nyumbani kwenda sokoni, kijana wa baiskeli ananijia kwa nyuma akipiga kengele kama mtu anayeita watoto waingie darasani, na mimi na uzee wangu najirusha kando, kwenye matope. Hashuki. Hasemi pole. Akishanipita anageuza shingo kunitazama, kana kwamba kosa ni langu kuwa na miguu. Zamani nilikuwa namtukana. Sasa hata matusi yameniisha. Napangusa suruali, naendelea na safari yangu.

Msidhani nachukia baiskeli. Ndiyo iliyonilisha. Kabla ya uhuru, na miaka michache baada yake, nilikuwa nachukua ndagala kutoka Makobola hadi soko la Uvira, samaki wale wadogo wa ziwa letu, wamekaushwa na kujazwa kwenye matenga niliyoyafunga nyuma ya kiti. Njia ilibanwa kati ya mlima na maji, na sote tulikuwa ndani yake: wanawake na mihogo, mbuzi, wanafunzi, masista, na sisi wa magurudumu. Tulikuwa na adabu zetu, ingawa hakuna aliyetufundisha. Mwenye mzigo kichwani hampishi mtu. Wewe mwenye baiskeli ndiye unayempisha. Kengele unaipiga mara moja tu, ukiwa mbali, kama mtu anayekohoa nje kabla ya kubisha hodi. Kwenye mteremko unakamata breki hata kama samaki wanaharibika. Mwenda pole hajikwai, na aliyebeba ndagala akijikwaa, kunguru ndio wanaokula.

Adabu iliyonitesha kuliko zote ilikuwa ya mkwe. Kwetu mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni. Hali naye, hampi mkono, haketi mahali alipotoka kuketi. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Na Mungu, ambaye anapenda kucheka, alimpa mama mkwe wangu biashara ya mawese katika soko lile lile, siku zile zile, barabara ile ile. Nilikuwa naujua mtungi wake kwa mbali. Nikiuona tu, nashuka, nasukuma baiskeli na matenga yake mpaka kwenye majani, napita huko nikichomwa na miiba, yeye amenipa mgongo na kujifunika kitenge. Nikishampita kabisa ndipo ninaporudi barabarani na kupanda tena. Wenzangu walikuwa wameshauza mimi nikiwa bado nang'oa miiba kwenye soksi. Nikimlalamikia mke wangu, alicheka hadi machozi.

"Heshima si utumwa," aliniambia.

"Basi aende soko lingine," nikasema, na akacheka zaidi.

Kisha uhuru ukaja. Sisemi uhuru ulikuwa mbaya; nilicheza ngoma yake kama wengine. Ila vijana wa mjini waliuelewa kwa namna yao. Walianza kuteremka kilima cha Kalundu miguu juu, bila breki, kengele ikilia tangu juu hadi chini, na ukimgombeza mmoja anakujibu akiutaja kwa jina la mjini, "Dipanda imekwisha kuja, mukubwa! Barabara iko yetu yote!" Nilikuwa najiuliza kama barabara ni yetu sote, mbona ni mimi tu ninayeingia mtaroni. Halafu ukaja uasi, na baiskeli ikawa kitu cha kuogopwa. Aliyekuja mbio alikuwa ameleta habari, na habari zote za wakati ule zilikuwa mbaya. Baiskeli zilichukuliwa mikononi mwa watu, leo na hawa, kesho na wale. Yangu niliifungua, magurudumu nikayaficha kwenye shamba la mihogo na fremu juu ya dari. Nikarudi kutembea kwa miguu, na miguu ilikuwa imesahau kazi.

Vita vilipoanza kupanda kutoka upande wa Fizi, nilimvusha mke wangu na mtoto wetu mchanga hadi Burundi, kwa shangazi yake. Mama yake alikataa kuja. Alisema mihogo haina mtu wa kuitunza. Siku chache baadaye watu waliofika kutoka Makobola walituambia kwamba homa imemkamata, miguu imevimba, hawezi kutembea, na nusu ya kijiji imeshaondoka. Mke wangu hakulia. Alimtoa mtoto kwenye titi, akanitazama.

"Niletee mama yangu," alisema. "Minye siko na mama mwingine."

Basi nikarudi, nikaunganisha baiskeli yangu, nikafika nyumbani kwa mama mkwe asubuhi na mapema. Nilisimama nyuma ya nyumba, kama inavyotakiwa. Jirani yake, bibi mmoja mwenye sauti kubwa, ndiye aliyekwenda na kurudi kati yetu, ingawa kati yangu na mama mkwe palikuwa na ukuta wa udongo tu na kila neno nililisikia.

"Anasema hawezi kukaa nyuma ya mukwe wake kwa kinga," bibi akaniletea; kinga kwetu ndiyo baiskeli. "Anasema afazali afe hapa."

"Mwambie mtoto wake anamngoja."

"Amesikia. Anasema atakushika wapi? Kiuno? Haya iko wapi?"

Nilichoka kabla ya safari kuanza. Upande wa kusini milio ya bunduki ilikuwa inasikika, bado mbali, kama mtu anayepiga mlango wa bati. Nilikuwa tayari kuingia ndani nimbebe kwa nguvu, na nina hakika angenilaani na laana ingenishika. Ni yule bibi aliyetupatia njia. Alikunja mkeka, akaufunga wima nyuma ya kiti changu ili uwe kama ukuta. Akamwekea mgonjwa mto kwenye chuma cha kubebea mizigo, akamkalisha akitazama nyuma, mgongo kwenye mkeka, akamfunga kwa vitenge ili asianguke.

"Sasa mumepeana mugongo," akasema. "Muende na Mungu."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka Makobola. Mimi nasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye kiti, macho mbele. Yeye nyuma ya mkeka, anatazama kule tulikotoka. Kupanda na kuendesha hakukuwezekana, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye maji: magodoro, kuku, wagonjwa, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Na katikati ya watu hao, baiskeli. Kila aliyekuwa ameficha ya kwake alikuwa ameitoa siku hiyo, na wote walikuwa na haraka, na wote walikuwa na kengele. Walipita wakigonga mizigo na viwiko. Mmoja alimwangusha mwanamke na sahani zake zote, akaenda zake. Nilijua haitachukua muda watatugonga na sisi.

Ndipo nikasikia sauti.

"Weye! Weye mwenye kengele! Shuka!"

Nilitaka kugeuka nione ni nani, nikakumbuka. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuisikia sauti ya mama mkwe wangu ikipanda. Ilikuwa ya mtu mgonjwa, imekwaruza, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuamuru watu wakamtii.

"Haubone bantu banatembea? Uko mutoto wa nani?"

Kengele ikanyamaza. Nikasikia miguu inakanyaga chini. "Samahani, mama," kijana akasema. Ni wazi: anayekuja mbio akitazama migongo ya watu haoni mtu, anaona migongo. Huyu alikuja mbio akakutana na uso wa mama mzee unaomtazama machoni, unamuuliza ukoo wake. Nani atapiga pedali hapo? Alishuka, akaanza kusukuma nyuma yetu, maana kumpita pia aliona haya. Akaja mwingine, akaulizwa vilevile. Mwingine akajibu jina la babu yake, na mama mkwe akamjua babu huyo, akamwambia, "Babu yako alikuwa na akili," na kijana akashuka upesi.

Kabla ya kufika Kalundu tulikuwa na mkia wa baiskeli, zote zinasukumwa, na wenye miguu wakatembea kando yetu bila kugongwa. Yule wa kwanza aliniita kutoka nyuma: "Mukubwa, huyu mama yako ni polisi!" Nilicheka. Nilikuwa nimechoka, na nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Niliona fahari. Nilitamani mke wangu asikie. Nilianza kupanga nitakavyomwigizia ile sauti.

Kalundu mwanamke mmoja alimpa maji. Nilisikia akinywa kidogo na kukohoa. Baada ya hapo aliita mara moja moja tu, tena polepole, nikaona ni vyema, apumzike. Tulipoingia mjini alikuwa kimya. Uzito uliegemea upande wangu, nikakaza mkono, nikajua amelala. Homa ikipata usingizi ni nafuu. Nikapunguza mwendo kwenye mashimo nisimwamshe.

Kilichonishangaza ni kwamba wale vijana hawakupita. Sauti iliyowashusha ilikuwa imelala, barabara ya mjini ni pana, Burundi iko mbele, na bado walisukuma nyuma yangu. Hakuna kengele hata moja. Nilisema moyoni, tazama, mama huyu amewafundisha adabu katika asubuhi moja, kazi iliyotushinda sisi wote. Na si wao tu. Kuelekea Kavimvira watu waliotangulia walikuwa wakigeuka kutuangalia, kisha wanasogea. Mwanamume mmoja alivua kofia. Wanawake walishusha mizigo yao chini na kusimama mpaka tupite. Wabadilishaji pesa wa mpakani, watu wasiosimama hata kwa mvua, waliinuka kwenye viti vyao. Nilikuwa nimekata tamaa na watu tangu uasi uanze. Nilikuwa naamini heshima imekufa na haitapata hata kaburi. Siku ile nilitembea katikati yao macho mbele, nikimshukuru Mungu kwamba watu bado wanajua kumpisha mzee.

Kwenye kizuizi, mtu wa forodha alikuwa akigombana na familia nzima kuhusu mizigo. Alitazama nyuma yangu, akanyamaza, akainua mti bila kuniuliza kitu. Hapo yule kijana wa kwanza akaja kando yangu, anasukuma baiskeli yake, hatazami uso wangu.

"Mukubwa," akasema, "mpaka wapi? Tuko tayari kusaidia kuchimba."

"Kuchimba nini?"

Akasimama. Nikasimama. Nilimwona anaelewa kabla yangu, na niliona huruma imemwingia usoni kama aibu.

"Mama hayuko tena," akasema. "Tangu daraja la Mulongwe, kule mjini. Tulizani unajua. Tuliona hauangaliye nyuma, tukasema, huyu anamusindikiza mama yake. Nani atapita maiti?"

Nilikuwa bado nimeushika usukani, na nilijua nikiuachia ataanguka. Walielewa hilo pia. Mmoja akakamata baiskeli, wengine wakafungua vitenge, kwa sababu mimi mkwe siwezi kumshika. Wakatandika ule mkeka chini, wakamlaza. Bado nilikuwa natazama ziwa. Kisha nikasema, sasa hawezi kuniona, na nani atamwonea nani haya, nikageuka.

Alikuwa na sura ya mke wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Paji lile lile, kishimo kile kile kwenye shavu, mdomo ule wa mtu anayezuia kicheko. Miaka yote nilikuwa nakimbilia miibani nisimwone, kumbe namwacha njiani mwanamke ninayeamka naye kila siku, aliyezeeka tu. Nililia pale barabarani mbele ya watu wa forodha, na sikujali.

Vijana wale walimbeba kwenye mkeka kuvuka hadi ng'ambo. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya barabara na mtoto mgongoni. Alikuwa akija pale tangu nilipoondoka. Aliona mkeka, akaona mikono yangu mitupu, akakaa chini majanini. Nilikaa karibu naye. Mtoto alikuwa anacheza na nywele zake.

"Alipata taabu mu njia?" akaniuliza mwishowe.

Nilitafuta jibu ambalo si uongo.

"Hapana," nikamwambia. "Bantu bote balitupisha."