Kilomita za marehemu kwenye dashibodi ya gari la umeme

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Nilistaafu utumishi wa umma na tabia moja: siandiki nisichokishuhudia. Nimeudhika kusoma humu kwamba "gari la umeme halidanganyi, soma namba uende." Naomba kusahihisha.

Gari lenyewe lilikuwa la mdogo wangu Ombati. Tulipomzika, likabaki kwangu, nje kidogo ya Birongo. Nililichaji tu, kuliendesha nilikuwa bado.

Sabato moja mchana, mke wangu alibanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta imekwisha. Majirani wenye magari walikuwa kanisani, simu zimezimwa. Kwa mvua ile, boda haifai. Stima nayo ilipotea tangu jana yake, kwa hiyo sikuweza kuliongeza chaji.

Dashibodi ilisema zimebaki kilomita arobaini. Kisii mjini, kwenye hospitali, ni kama nusu ya hizo.

"Mama Moraa, tutafika na nyingine zibaki," nikamwambia, nikakanyaga.

Mlima wa kwanza tu, namba ikaanza kuporomoka. Thelathini. Ishirini na mbili.

Gari lile halina ngurumo, wakuu. Ukungu umefunika majani chai, na kinachosikika ni kifua cha mke wangu kikipiga filimbi.

Karibu na soko, mama mmoja aliyejikinga kwa jani la mgomba akapunga mkono, akicheka.

"Ombati! Hata salamu hutupi siku hizi?"

Mama huyo alikuwa mazishini. Nilimwona kwa macho yangu haya akilia; kuliona gari tu kulimsahaulisha. Alipochungulia kiooni akaona ni mimi, jani likamponyoka.

Namba ikawa kumi. Safari iliyobaki ilizidi hapo.

"Baba Moraa," mke wangu akasema kwa shida, "gari hili linamjua Ombati. Endesha kama yeye."

Ombati aliendesha kama aliyebeba mayai.

"Unakosa pumzi, nawe unataka nitambae?"

"Tambaa. Likizimika barabarani nitakufa vizuri zaidi?"

Nikatambaa. Nikazima hita; yeye akawa anapangusa kioo kwa leso. Kila filimbi ya kifua chake iliniambia nikanyage, nami sikukanyaga.

Namba ikasimama.

Tulipopita Kiogoro na kuanza kuteremka, ikapanda. Kumi na moja. Kumi na tatu. Nakiri bila haya: nilihisi mguu ule si wangu.

Tulifika. Akawekewa oksijeni, akapona.

Baadaye fundi alinieleza kwamba zile kilomita ni makadirio. Gari huangalia lilivyoendeshwa siku za karibuni, likadhani utaendelea vivyo hivyo. Arobaini ile ilikuwa ya mguu wa mtu aliyelala kaburini.

Kwa hiyo, wakuu, ukiazima au kurithi gari la umeme, soma asilimia ya betri, uhesabu milima, kisha uutilie shaka mguu wako.

Siku hizi betri ikijaa, kilomita zinazoandikwa ni chache kuliko zamani. Fundi anasema limenizoea.

Mke wangu aliposikia hayo akasema, "Kumbe umemfuta."

Mwenye jibu la kumpa aliweke hapa chini.