Ubao wa Chumba cha Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Mkuu wa Chumba cha Kompyuta, mzee mkali wa Misungwi, alinisimamisha mlangoni akasema vumbi la Mwanza na mashine yake havipatani. Nikaingia na soksi zilizotoboka. Nilikuwa nimetoka kufundisha hesabu shule ya msingi kule Butimba, nikajiona nimeula. Nyinyi mnaotembea na kompyuta mfukoni hamwezi kuelewa.

Shirika letu lilinunua pamba na kugawa mbegu kwa wakulima wa kandokando ya ziwa. Soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa kila mnada, na wakubwa wetu waliamini kompyuta ndiyo itakayotuokoa. Kazi kubwa, kama kupanga mgawo wa mbegu kijiji kwa kijiji, haikufanyika mbele ya macho yako. Uliikabidhi kwa mashine, ikaifanya huko nyuma, wewe ukaendelea na mengine. Kwenye skrini ulionyeshwa hali yake tu.

Mkuu alizitafsiri hali hizo kwa chaki, kwenye ubao uliotazama korido, ili hata asiyeingia chumbani ajue. Imepangwa: saa yake haijafika. Inasubiri: saa imefika, ila mashine ina kazi nyingine mkononi. Inaendelea. Imekamilika. Na ya mwisho, imekufa: imekatika katikati, na haifufuki yenyewe hata ukiikodolea macho mwaka mzima.

"Hiyo ya mwisho iandike haraka kuliko zote," aliniambia. "Kazi ikifa, mtunza ghala anaruhusiwa kugawa kwa daftari lake. Ikiwa bado inaendelea, haruhusiwi kugusa gunia. Umenielewa, mwalimu?"

Nilimwelewa vizuri. Ndiyo maana leo sina pa kujificha.

Wageni walipoanza kuja kukagua shirika ili walinunue, Mkuu akapunguzwa kazi, nikabaki peke yangu. Asubuhi moja mgawo wa Nansio, kule kisiwani, ukafa, kwa sababu kijiji kimoja kilikuwa kimeingizwa mara mbili. Nikaandika ubaoni kama nilivyofundishwa. Saa nne Meneja Mkuu akapita na wageni wake, kisha akarudi bila wao.

"Nani kaandika imekufa? Hapa ni mochwari?"

"Ndiyo hali yake, mzee. Anahitajika fundi kutoka Dar."

"Fundi aje wageni wangu wakiwa hapa? Futa. Andika inaendelea."

"Lakini wa Nansio wata..."

"Una watoto wangapi?"

"Watatu, mzee."

"Futa."

Nikafuta kwa kiganja.

Mtunza ghala wa Nansio alikuwa mama mmoja Mkerewe, Bi Felista. Magunia ya mbegu alikuwa nayo ghalani, wakulima wamekaa mlangoni, mvua za kupandia zimeshaanza. Kilichokosekana ni orodha yetu. Kila asubuhi alipiga simu ya upepo, ambayo ilikuwa ofisini kwa Meneja, naye Meneja amekaa pale pale ananitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yangu imefika wapi?"

"Inaendelea, mama."

"Haya. Nitawaambia wavumilie."

Wiki tatu nilimjibu hivyo. Ningeweza kumtumia barua kwa meli. Sikutuma. Niliogopa, basi.

Wageni walipoondoka ndipo fundi akaitwa. Alimaliza kwa nusu siku, nami nikaandika imekamilika kwa herufi kubwa. Mvua ilikuwa imekwisha. Watu wa Nansio walisema Bi Felista alificha mbegu awauzie wanunuzi binafsi. Ulipofanyika uchunguzi, karatasi zetu, ambazo hazikutaja tarehe, zilionyesha kazi ilikamilika bila kasoro, kwa hiyo kosa likawa lake. Akafukuzwa. Mimi nikapewa ukuu wa chumba.

Shirika liliuzwa hata hivyo. Wenye mali wapya waliung'oa ubao, nami nikahamia kiwanda cha samaki, kwenye kazi ile ile ya kompyuta, hadi nilipostaafu na cheti cha utumishi uliotukuka. Mke wangu alitaka kukitundika sebuleni. Nilikataa, na sikumwambia kwa nini.

Mwezi ule ule nikapanda meli kwenda Nansio. Nilimkuta Bi Felista uani kwake, amezeeka, anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, yule wa kompyuta."

Hakuinua uso. "Marahaba. Kazi yangu imefika wapi?"

"Ilikufa, mama. Ilikufa siku ile ya kwanza. Niliambiwa nikudanganye, nikakudanganya."

Kisu kikasimama. Akakiweka chini, akajikokota hadi kwenye ua wa michongoma, akawaita majirani mmoja mmoja kwa majina. Walipofika, wengine na majembe yao, akanigeukia.

"Rudia, baba. Kwa sauti, hawa wasikie."

Nikarudia.