Biskuti za Thomas

Jamani, nichekeni taratibu. Tangu mambo yawe ruksa na vitu vya nje kujaa madukani, sisi wa Machame tukiona kitu cha mzungu tunakipigia magoti, na mimi ndiye kinara.

Juzi nilikwenda kupima mapazia kwa mama mmoja Mjerumani, daktari. Nikamkuta anaoka biskuti za maini, ndizi na unga wa mahindi, bila sukari wala chumvi.

"Ni za Thomas wangu," akasema. "Amezeeka, meno yanamsumbua."

Nikampa pole. Kwetu mbwa huitwa Simba au Popi. Jina la ubatizo ni la mtu. Nikajua Thomas ni mumewe.

"Na wako nyumbani, anakula vizuri?" akaniuliza.

"Wangu? Huyo akishiba analala tu!"

Akacheka, akanijazia kopo zima.

Mume wangu sikumwonjesha. Vitu vya afya yeye atavijulia wapi? Jumapili nikalitoa kopo kuwa sadaka ya mavuno. Kwenye mnada nje ya kanisa, mkungu wa ndizi wa jirani yangu ulidoda, lakini kopo langu liligombaniwa, hadi mzee wa kanisa akalinunua na kumtunuku mchungaji. Mchungaji akatafuna, akasifu. Nami nikapaza sauti:

"Ndizo anazokula mume wa daktari!"

Hapo hapo gari la daktari likasimama.

"Thomas, shuka usalimie watu," akasema mwenyewe.

Likashuka jibwa jeusi lenye mvi kidevuni. Likatupita sote, likaketi mbele ya mchungaji, likainua mguu wa mbele kuomba biskuti yake.